Kadi Namba Kumi na Moja

Ijumaa, 2 Agosti

Wiki ya kwanza ya likizo, na nimechoka kuliko nilivyokuwa shuleni.

Leo nimeandaa kadi za kesho, kumi na moja. Kila Jumamosi kliniki ya Mama Mdogo inafunga kizazi paka na mbwa kwa bei nafuu – mwenye mnyama anatoa robo, chama cha wafadhili kinamalizia. Paka wasio na mwenyewe ni bure. Muuguzi anasema ng'ombe wa maskini hazai, lakini paka wake anazaa kila ukigeuka. Nikacheka kimoyomoyo. Ndivyo ninavyocheka, ndiyo maana ananiita Bubu.

Kadi ni kazi yangu. Namba, rangi, jike au dume, uzito, na mwishoni kisanduku kidogo: IMEFANYIKA.

Nikiri hapa kwa kuwa hapa hapana mtu. Vile visanduku navitia tiki siku moja kabla. Vyote. Nikisubiri mpaka upasuaji uishe, lazima nisimame mlangoni niulize kama huyu tayari, watu wote wanigeukie, na sauti yangu itoke kama ya mtu aliyemeza pamba. Kwa hiyo natia mapema. Haijawahi kuleta shida, maana Mama Mdogo hajawahi kuacha kazi katikati.

Kesho ni zamu ya mwisho ya paka wa nyuma ya bucha. Wako thelathini na mmoja, ishirini tayari. Mwenye bucha – mtaa mzima unamwita Bucha tu, kama mama yake hakumpa jina – alishanunua sumu mwezi wa tano. Mama Mdogo akamfuata dukani. Wakaelewana: yeye awafunge kizazi wote na kuwarudisha pale pale, Bucha asiwaguse. Lakini baada ya zamu ya mwisho, akiona mtoto wa paka hata mmoja, sumu inatoka kabatini. Mama Mdogo akampa neno lake. Nilikuwepo, nyuma yake, nimekumbatia mtego kama mtoto aliyepewa mzigo asiojua ni wa nani.

Jumamosi, 3 Agosti

Mikono inanuka dawa. Naandika kabla ya kuoga, nikioga nitalala.

Mama Mdogo kasimama tangu saa moja asubuhi. Saa nane mchana yuko mezani wa mwisho, namba kumi na moja – jike, kijivu, mguu mmoja mweupe kama kavaa soksi moja akasahau nyingine. Nikamwita Soksi. Kalala tayari. Sikio limeshakatwa pia – paka akisinzia tu Muuguzi anamkata ncha ya sikio la kushoto, kipande kama ukucha wa kidole cha mwisho, ili mtaani ajulikane huyu tayari, asikamatwe tena bure.

Mara mlango ukapigwa teke. Baba mmoja, shati jeupe limelowa damu, kabeba mbwa aliyegongwa na pikipiki. Mama Mdogo akaniambia nimtoe paka mezani, atamrudia. Nikamtoa. Nikamlaza kizimbani mwake, nikamfunika. (Vifuniko vya vizimba mama kavishona kwa mapazia yetu ya zamani. Ukiingia chumba cha vizimba ni kama sebule yetu ya zamani imehamia pale, na imejaa paka.)

Mbwa hakupona. Yule baba akakaa kwenye benchi, akawa anakunja na kukunjua mkanda wa shingo. Nilimpelekea maji. Nikashindwa kusema pole. Pole! Neno dogo kama punje. Nikajificha stoo mpaka akaondoka. Nikiwa humo nikasikia Mama Mdogo anauliza nani kabaki, na Muuguzi akipita kwenye vizimba, kisha akajibu kwamba wamekwisha. Glovu zikavuliwa. Nikafurahi kwamba tunaenda nyumbani.

Baadaye kidogo.

Nimeoga. Nilikumbuka nikiwa na sabuni usoni.

Namba kumi na moja hakurudiwa. Muuguzi alitazama nini? Alitazama kadi. Kadi zote zina tiki. Masikio yote yamekatwa.

Nimetoka bafuni mbio kumwambia Mama Mdogo. Kalala kwenye kiti, viatu miguuni, mdomo wazi kidogo. Mama kaniwekea kidole mdomoni: mwache, mwenzio leo kafa kabla ya kufa. Basi. Paka wanalala kliniki leo, Dereva wa kliniki anawarudisha kesho asubuhi. Nitaamka alfajiri nimwambie.

Jumapili, 4 Agosti

Nimeamka saa mbili. Dereva aliondoka kliniki na vizimba saa kumi na mbili.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimemwuliza Dereva – nilijiandaa sentensi njia nzima – kama paka aliyewahi kunaswa anaweza kunaswa tena. Kacheka. Kasema paka si binadamu, yeye akiumwa na mtego mara moja harudii. Wewe na mimi ndio tunaorudi kuomba namba ya simu. Kisha akaniuliza nataka yupi na kwa nini. Nikasema nauliza tu. Akasema leo mvua itanyesha, Bubu kauliza swali.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeiba mtego. Nimeazima. Nimeuchukua bila kusema.

Saa kumi jioni niko nyuma ya bucha na kopo la dagaa, nimechuchumaa baina ya mapipa. Nimewaona kama tisa, wote masikio butu, wamejilaza juu ya ukuta kama wastaafu. Soksi alikuja. Alikaa hatua tatu kutoka kwenye mtego, akajilamba ule mguu mweupe, akanitazama kama mwalimu anayemsubiri mwanafunzi aseme mwenyewe. Dume mmoja mnene akaingia akala dagaa wote. Nikamfungulia. Akaingia tena!

Kisha Bucha katoka, aproni imejaa damu, ndoo mkononi. Nilitaka ardhi inimeze. Kumbe hana ukali ninaomdhania. Kageuza ndoo, kakalia. Kaniambia bila kuulizwa kwamba yeye paka hawachukii, alilala nao utotoni. Lakini Bwana Afya alikuta vitoto vinne ndani ya sanduku la utumbo, akamwandikia barua: ikitokea tena, duka linafungwa. Ana watu sita wanakula kwenye duka hilo. Kasema, "Mwambie Daktari kazi nzuri. Mimi siku hizi naangalia masikio tu. Sikio likiwa fupi, nalala usingizi."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikabeba mtego wangu mtupu.

Sikio likiwa fupi nalala usingizi. Mimi silali.

Jumamosi, 17 Agosti

Wanyama kumi na wanne. Sasa tiki natia baada. Nasimama mlangoni, nauliza, nasubiri. Hakuna aliyenigeukia. Hakuna hata mmoja! Miezi yote ile niliogopa kitu ambacho watu hawana hata muda nacho.

Mzee mmoja kaleta mbwa dume, kapewa kalamu asaini, kakataa. Kasema hawezi kumfanyia mwanamume mwenzake hivyo. Mkewe, aliyekuja naye, kasema basi asaini yeye, na kama kuna nafasi mezani, alazwe na huyu mwenye kalamu. Benchi zima likaanguka kwa kicheko. Mzee kasaini. Kisha kakaa nje na mgongo ameupa mlango mpaka ilipokwisha.

Mama Mdogo hakucheka. Ana maumivu ya kiuno, anaegemea ukuta baina ya mnyama na mnyama. Tulipokuwa tunafunga kaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye unayenisaidia nisichanganyikiwe. Bila kadi zako ningeshapotea."

Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nikasema kesho.

Jumanne, 3 Septemba

Shule imefunguliwa. Sina la kuandika. Shuleni tunasoma kwa lugha moja, nyumbani tunaishi kwa nyingine, na kwa zote mbili mimi ni bubu.

Nilipita nyuma ya bucha njiani. Soksi yuko juu ya ukuta. Amenenepa.

Si unene.

Alhamisi, 5 Septemba

Nilianza kumwandikia Mama Mdogo barua kwa lugha ya shule. Kule neno sori ni jepesi, unalitema kama ganda. Nikasoma, nikaona kama barua ya benki. Nikajaribu kwa lugha yetu. Nimefika “Mama Mdogo, nisamehe” nikakwama. Nisamehe inamtaka yeye awepo. Haisemeki ukiwa peke yako.

Nimechana zote mbili.

Na kuna jambo jingine, nalo nimelijua leo. Nikisema kadi ya kumi na moja nilitia tiki kabla, nitaulizwa na nyingine je? Zote. Zote thelathini na moja nilitia kabla. Thelathini ni za kweli, nilikuwepo, najua. Lakini nani ataamini kadi zangu tena?

Jumamosi, 7 Septemba

Bucha kaja kliniki. Hakufoka. Kavua kofia, kasubiri zamu yake kwenye benchi kama mgonjwa, kisha kasema mmoja wa paka wetu ana mimba. Mama Mdogo kasema haiwezekani, labda mgeni kahamia. Bucha kasema njoo.

Tukaenda sote, Mama Mdogo na koti lake la kazi. Soksi alikuwa juani, tumbo limelala pembeni kama mfuko. Sikio la kushoto fupi. Bucha hakuonyesha hata kwa kidole.

Kasema, "Daktari, huyu mmoja si kitu. Ila mimi nilikuwa naamini sikio. Sasa nitajuaje wale thelathini?"

Mama Mdogo kaomba wiki moja. Bucha kampa, kasema kwa heshima yake tu. Jumamosi ijayo, basi.

Tuliporudi Mama Mdogo kanitaka nimtolee faili la Agosti. Kadi namba kumi na moja: jike, kijivu, kilo mbili na robo, tiki. Kaitazama muda mrefu. Muuguzi kauliza taratibu kama hakuna kosa la maandishi – siku ile ya mbwa wa pikipiki ilikuwa vurugu. Mama Mdogo kasema mtoto huyu hakosei kadi. Akanishika bega!

Kasema yeye huwa anatoa vifuko viwili vya mayai, kulia na kushoto. Bila shaka siku ile alitoa kimoja, akashona. Mikono yake ilichoka, ikamdanganya, naye hakujua.

Nilisimama pale. Nilikuwa na maneno. Yalikuwa mdomoni, nayahisi kwenye meno.

Jumapili, 8 Septemba

Mama Mdogo kakaa dirishani, kanyoosha mikono mbele, anatazama kama vidole vinatikisika. Havitikisiki. Kanyoosha tena.

Mama, kutoka kwenye cherehani, kamwambia aache kujiroga. Kamjibu kwamba dereva asiyeona vizuri huacha gari kabla hajaua mtu.

Sikula.

Jumatano, 11 Septemba

Nimeiona barua mezani, nilikuwa natafuta rula. Kwa chama cha wafadhili. Anaomba radhi, anasimamisha Jumamosi zote mpaka apatikane daktari mwingine, hawezi tena kuwapa watu uhakika. Hajaituma. Anasubiri Soksi apatikane, amfungue, aone alichoacha ndani. Akishaona kwa macho yake ndipo ataituma.

Daktari mwingine! Nani atakuja kusimama saa kumi mfululizo kwa bei hiyo? Na bila zile Jumamosi, Bucha anarudi kabatini kwake, na hatakuwa peke yake. Muuguzi kashasikia wa duka la samaki naye anauliza sumu inauzwa wapi.

Mama alinikuta nimeshika barua. Hakunigombeza. Kaniangalia tu, kaniambia nimepungua, na kwamba mficha uchi hazai. Akarudi kwenye cherehani. Anajua? Hajui. Anajua kuna kitu.

Nilitaka kumwambia kwamba huyu wa kwetu kaficha na bado atazaa. Hata kicheko hakikuja.

Ijumaa, 13 Septemba

Dereva kamnasa Soksi. Hakutumia mtego, katumia blanketi lililolowa – kasema mimba imemfanya mzito na mlafi, kamrushia akiwa na kichwa ndani ya kopo. Kampeleka kliniki. Nilipita baada ya shule. Yuko kwenye kizimba cha kona, chini ya pazia la maua lililokuwa chumbani kwangu nikiwa mdogo. Nimeingiza kidole. Hakuuma. Tumbo linacheza, kuna mtu anageuka humo ndani.

Nimemwuliza Muuguzi – nimeuliza! – kesho akifunguliwa, watoto itakuwaje. Muuguzi kavua miwani. Kasema zimebaki kama wiki tatu azae. Wakimfungua sasa, watoto hawatapona. Kama Daktari angejua kwa njia nyingine kwamba hakuacha kitu, angemwacha azalie hapa ndani, watoto wakatafutiwa nyumba, mama akafungwa kizazi baadaye. Lakini atajuaje bila kutazama?

Kasema Daktari wala hakulala jana kwa kuwaza. Kisha kanitazama. "Leo umesema mengi, Bubu."

Nimechukua kadi namba kumi na moja kwenye faili. Iko humu, katikati ya kurasa hizi. Nitamwambia Mama Mdogo leo wakati wa chakula cha jioni.

Baadaye kidogo. Hakula na sisi. Kaingia chumbani mapema, kasema anataka kesho mikono iwe imepumzika.

Jumamosi, 14 Septemba

Kliniki, benchi la kwenye ukumbi. Naandika nimeweka daftari magotini.

Leo hakuna watu. Mama Mdogo kafuta miadi yote. Kibao cha mlangoni kimegeuzwa. Bucha yuko nje kwenye gari la Dereva, mlango wazi, wanazungumza habari za matairi. Kaja kusikia kwa masikio yake. Wiki yake imekwisha leo.

Njiani nilikuwa na hatua mia tatu za kusema. Nilikuwa nazihesabu. Mama Mdogo naye kabeba mkoba wake kama anaupeleka kuurudisha. Kwenye mlango kanipa funguo nimfungulie, mikono yake kaiweka mifukoni.

Soksi kapigwa sindano, kalala. Muuguzi kaniambia nipeleke trei ndani.

Sasa niandike nilichofanya, haraka.

Nilikaa stoo na ile kadi. Nilichukua kalamu nyekundu. Nikaikata ile tiki. Pembeni nikaandika: HAIJAFANYIKA. Mbwa wa pikipiki aliingia, nikamtoa paka mezani, hukumrudia. Tiki niliitia siku moja kabla. Zote nilizitia siku moja kabla kwa sababu naona haya kuuliza. Wale thelathini uliwafanya, nilikuwepo, niulize mmoja mmoja. Mikono yako haina kosa. Nisamehe.

Nafasi haikutosha, nikageuza nyuma.

Nikaingia na trei. Mama Mdogo kanipa mgongo, ananyoa tumbo kwa mashine, polepole, anazungukazunguka pale palipovimba. Muuguzi kashika miguu. Nikaweka trei mahali pake. Nikaweka kadi juu ya pakiti ya glovu. Hawezi kuanza bila glovu. Hawezi kushika glovu bila kuinua kadi.

Nikatoka. Huo ndio ujasiri wangu wote, na nusu yake ni woga.

Mashine inanguruma bado. Akimaliza kunyoa atatafuta kovu. Hataliona. Pengine atadhani limepotea kwenye ngozi iliyovutika. Pengine ataniita kabla hajasoma. Nasikia Muuguzi anamsimulia kitu cha jana sokoni, kumchangamsha. Nje Bucha kasema matairi ya siku hizi ni karatasi.

Mashine imenyamaza.

Maji ya kunawa. Marefu. Ananawa mpaka viwikoni, kama siku zote.

Maji yamefungwa.

Muuguzi kaacha hadithi katikati.

Karatasi. Karatasi tena – kageuza nyuma.

Hakuna sauti.

Kaniita. Si mwanangu. Jina langu, lote, kama lilivyo kwenye cheti.

Nimeitika. Kwa nguvu, mpaka Bucha na Dereva wamegeuka kutazama nani huyo aliyeitika. Naenda.